Mto Usiopepesa

Elfu nne mia tatu na kumi na sita:
mto mmoja, dirisha moja, mjini Oulu.
Kamera niliibana kwa utepe kando ya kioo cha jikoni,
ikibofya kila robo saa, mchana tu,
toka Februari hadi barafu ilipopasuka.

Nilipoziunga mara ya kwanza, mto uliugua.
Wingu likipita, theluji yawa majivu;
jua likichungulia, yang'aa kama sufuria mpya.
Giza, weupe, giza, weupe,
kope za mgonjwa wa homa.
Mwanga niliuachia kamera ijipimie yenyewe.
Nimelijua kosa mwezi Mei,
na yaliyomwagika hayazoleki.

Saimi, binti yangu, apiga simu toka Turku:
"Fremu thelathini kwa sekunde, Mama, itateleza."
Nakataa. Kwa ishirini na nne
siku nzima inapata sekunde mbili,
na sekunde mbili si haba
kwa siku ya Februari.

Basi nikaiambia programu: changanya.
Kila fremu iwe wastani wa kumi na tano.
Lo! Mto ukatulia tuli,
maziwa ndani ya bakuli.
Nikashusha pumzi. Nikatazama tena.
Ensio hayupo.

Ensio wa nyumba ya tatu,
avukaye barafu na sleji yake nyekundu ya plastiki,
keekee begani, kwenda kwenye tundu lake la samaki.
Kila siku kamera ilimnasa mara moja tu,
na mtu wa fremu moja
ukimgawa kwa kumi na tano
hubaki mvuke.
Kwa hesabu za kompyuta
yeye naye ni kupepesa.

Nikafuta yote.
Sawazisha mwanga pekee, fremu kwa fremu,
kipimo kitoke kwenye paa la ghala ng'ambo, lisilosogea.
Usichanganye.
Usikisie kilichokuwa kati ya picha na picha.
Ubora wa juu kabisa; faili ikiwa nzito, shauri yake.

Feni inanguruma. Asilimia sitini na moja.
Ensio kaja na mkate wa shayiri, kavua buti mlangoni,
kajiweka mbele ya skrini mapema mno.
"Nitajijuaje?"
Utakuwa nukta nyekundu, namwambia.
Ukipepesa, umejikosa.

Sasa inacheza.
Ensio katumbua macho, machozi yamlenga,
kahawa yapoa mkononi.
"Yule," anasema.
Sekunde mbili.
"Yule tena."