Swali la Kumi na Nne

Swali la kumi na nne lilikuwa fupi:
Je, unaufahamu ugonjwa wako?
Visanduku viwili, ndiyo na hapana,
na wino wa Nelida Ccori, muuguzi mtafiti,
ulikuwa umeganda kwa baridi ya Paucará
hata ikabidi kalamu aiatamie kwapani.

Bibi Saturnina Ichpas alivua kofia,
akaiweka gotini, akakitazama kinasa sauti
kama mgeni aliyeingia bila hodi.
Akajibu kwa neno moja:
Asukarsi.
Teófilo, karani wa zahanati, mkalimani wa bure,
akatafsiri huku akihesabu vichupa vya mkojo:
"Anajua. Kisukari."
Lakini Nelida alikwishatia alama.
Alikuwa ameisikia ile silabi ya mwisho, si,
na kwa Kihispania chake cha Huancayo
si ni ndiyo.

Mia na kumi na wawili kati ya mia na ishirini
wanaufahamu ugonjwa wao.
Jedwali lilipendeza.
Profesa akaandika pembeni kwa wino wa kijani: safi sana.

Sasa, mama yake Nelida
ni mwanamke aliyeifungia lugha yake sandukuni
siku aliyoshuka mjini kufua nguo za watu,
akaapa mwanangu hatachekwa.
Miaka thelathini. Hakuitumia
hata alipojikata kidole.
Usiku ule alikuwa akisugua sufuria,
binti akirudia kusikiliza mahojiano mezani,
na sauti ya Saturnina ikatoka kwenye kile kidude.
Mama akacheka, povu mpaka viwikoni.
"Huyu hakukwambia anajua.
Amekwambia eti.
Eti sukari. Mnasema nyinyi."

Kisha akaeleza, polepole, kama anayetoa mwiba:
kwetu, jambo uliloliona
unalitia mi mkiani,
la kuambiwa unalitia si.
Usipotia chochote, watu wanakukodolea macho:
hili umelitoa wapi?
Kwetu, alisema. Neno hilo nalo
Nelida hakuwahi kulisikia nyumbani kwao.

Alisikiliza sauti zote hadi alfajiri.
Eti sukari. Eti presha. Eti moyo umepanuka.
Wagonjwa themanini na tisa walikuwa wamejibu
kwa adabu kabisa:
hizi ni habari zenu,
tumezipokea, hatujazithibitisha.
Na vidonge vimelala kwenye kopo la majani ya chai
vikingoja shahidi.

Akarudi Paucará na kipimo. Akatoboa kidole,
tone, namba: mia tatu na nne.
"Umeona sasa, bibi?"
Saturnina akaikagua namba, akaigeuza mashine,
akachungulia hata mlango wa betri.
"Eti sukari," akasema.
"Na hiki nacho kimeambiwa na nani?"
Chai yake haijaonja sukari tangu bei ipande.
Imeingia kwa mlango upi?

Nelida hakuwa na swali la kumi na tano.
Alifunga dodoso. Akauliza, kwa Kikechua cha siku nne,
kibovu, chenye lafudhi ya mtangazaji wa runinga,
jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi:
wewe mwenyewe umeona nini?

Bibi akanyamaza. Akainama,
akafungua kamba ya kiatu,
akavua soksi ya kwanza, ya pili, ya tatu ikagoma,
imegandamana na nyama.
Kidonda chini ya kidole gumba, cheusi ukingoni.
Hakiumi, ndiyo maana hakuna aliyeambiwa.
"Kaymi," akasema.
Hiki hapa. Mi.

Wino ulikuwa umekwisha kuyeyuka, unavuja.
Nelida aliiacha kalamu papo hapo juu ya jedwali,
akaenda kutafuta beseni
na maji ya uvuguvugu.