Matundu Manane, Meno Kumi

Puntsag aliingia na theluji kwenye nyusi,
akiburuta injini ya Kijapani ndani ya blanketi la manyoya ya ngamia.
"Itie kwenye furgoni," akasema. "Ile ya Kirusi imekufa mlimani,
imeniacha na kondoo kumi na saba na usiku."

Mimi ni mkereza vyuma. Sitii kitu ndani ya kitu
kabla sijapima.

Fraiwili ya zamani nikailaza juu ya benchi: matundu sita.
Kitako cha krenki mpya nikakipapasa kwa kidole,
maana taa yangu hugoma baridi ikipita thelathini:
manane.
Sita haiwi nane kwa kubembelezwa.

Basi fraiwili na ifuate injini. Hilo ni jepesi.
Meno ya ukingoni na yafuate stata; nikayahesabu kwa chaki,
nikapotea nilipofika tisini, nikaanza upya.
Lakini klachi ni mshenga,
hula kwa huku na kwa huku.
Uso wake sharti ukubalike kwa injini,
moyo wake kwa giaboksi,
na giaboksi ya furgoni ni kaidi, ina shafti ya meno kumi,
haipiti mlango wa meno ishirini na moja.

Siku mbili nikafukua masanduku.
Pleti ya lori la jeshi: moyo sawa, uso mpana mno.
Pleti ya teksi ya Ulaanbaatar: uso sawa, imeungua,
inanuka kama kwato.
Ya tatu sijui ilitoka gari gani.
Marehemu mume wangu aliiandika kwa rangi nyekundu: USITUPE.
Hakuwa mtu wa kueleza.
Nikaisukuma kwenye shafti. Ikateleza,
ikakaa, haichezi.

Ndipo Temuulen, mpwa wa Puntsag, akaja
na fraiwili ya aluminiamu, inang'aa, kilo tano.
"Weka hii, injini itapaa."
Yangu ya chuma ina kilo kumi na nne, na kutu ya heshima.

"Unabeba nini?" nikamuuliza Puntsag.
"Sufu. Maji. Hema, tukihama."
"Na mbele hukaa nani?"
Akatazama buti zake.
"Mama."

Katika furgoni injini hukaa kati ya viti,
na Bibi Dulamsuren huweka miguu juu ya kifuniko chake
tangu goti la kushoto lilipokataa kukunjika.
Fraiwili nyepesi haina kumbukumbu:
hupokea mlipuko, husahau papo hapo,
na injini ikiwa imesimama pale pale inanguruma
hutetemeka kama mwenye homa.
Nzito huweka akiba,
hutoa kidogo kidogo kilimani, pistoni zinapohema.

Nikamrudishia Temuulen aluminiamu yake.
Akanuna. Hata hivyo akanisaidia kuinua ile ya chuma.

Uso wake nikaukereza, unene wa nywele mbili tu.
Bolti nane, mpya; za zamani zimekwisha kuvutika.
Nikakaza kwa msalaba, si kwa duara.
Pleti nikaiweka katikati kwa kijiti cha msonobari
nilichokichonga usiku ule, kwa kuwa chombo chenyewe
huuzwa kwa watu wenye giaboksi za kueleweka.

Alhamisi tukawasha.
Bibi Dulamsuren akapanda bila kuitwa,
akatua bakuli la chai ya maziwa na chumvi juu ya kifuniko.
Puntsag akakanyaga, akatia gia ya kwanza,
akauachia mguu kama anayefunga mlango
wa chumba chenye mtu aliyelala.

Furgoni ikaenda.
Chai ikachora duara moja dogo, ikatulia.
Sote tukamtazama bibi.
Akanywa. Akafuta mdomo.
"Haitikisiki," akasema.
"Ila ile iliyokufa ilikuwa na joto zaidi."