Mizani ya Zugdidi

Baba yake alipima hazeli sokoni Zugdidi,
kokwa moja juu ya nyingine
mpaka mkono wa mizani usalimu amri.
Nilicheza na binti yake mara thelathini na moja
na kila mara nilizisikia zikidondoka.

Lamzira Jojua hakushambulia.
Sisi wengine tulitoa farasi kafara, tulibomoa ngome,
magazeti ya Tbilisi yakatupiga picha tumeshika tama.
Yeye alisogeza askari wa pembeni hatua moja,
akamenya chenza, akapanga maganda kwenye leso,
akaiacha saa inywe dakika zangu.

Haba na haba, husema watu, hujaza kibaba.
Hawasemi kibaba chenyewe huhisi nini.

Kwanza unakosa mraba mmoja, ambao hata hukuutaka.
Kisha malkia wako anageuka huku, anageuka kule, ukuta.
Kisha unahesabu: kete zako zote zipo,
hujaliwa hata moja,
na bado huwezi kupumua,
kama shati lililonywea kwa kufuliwa:
vifungo vyote vipo, kifua ndicho hakiingii.

Ubingwa wa taifa, miaka kumi na mitatu mfululizo.
Mwandishi mmoja akamuuliza siri.
“Treni yangu ni ya saa tatu usiku,” alisema. “Sina haraka.”

Kutaisi, jiko la kuni likitufukizia moshi,
nilimwomba sare.
“Bado tunacheza, Guliko,”
bila ubaya wowote,
kama mtu anayekukumbusha umesahau mwavuli.

Nilimshinda mara moja. Batumi, mvua ya wiki nzima,
yeye ana homa, shali mpaka masikioni.
Mwendo wa arobaini na moja akaiacha ngome yake wazi.
Niliichukua kwa mkono uliotetemeka kama wa mwizi.
Akasimamisha saa, akatia sahihi,
akavuta kiti karibu, akazirudisha kete nyuma,
nyuma, hadi mwendo wa ishirini na tisa.

“Hapa,” akasema. “Ungenimaliza hapa. Ulikuwa unangoja nini?”

Niseme nini? Sikuuona huo mlango.
Miaka kumi na tisa nimezoea ukuta,
siku hiyo nilikuwa nimeuegemea tu.

Akanigawia nusu ya chenza.
Chungu, ya msimu uliokwisha.
Nikaila na mbegu zake.