Nipe Mji

Mimi ndiye mweka hesabu, kwa hiyo niiteni mkono wa birika.
Shemeji yangu Vuai alifungua mkahawa Glasgow, mtaa wa Govanhill,
kati ya kinyozi na fundi wa simu zilizopasuka vioo.
Akapika maharage ya nazi, akakaanga mandazi,
akangoja.

Wiki ya nne tulihesabu wateja kwa vidole, na vidole vikabaki.
Akajaribu punguzo la Jumanne.
Akabandika picha za mandazi kwenye nguzo za taa;
upepo ukazisoma peke yake, ukazichana.
Kijana wa matangazo, shati limenyooka kuliko maneno yake,
akatutoza pauni mia tatu kutuambia tuwe "wa kipekee".
Nje mvua. Glasgow mvua hainyeshi, inakaa,
kama mgeni aliyekwisha kula.

Ndipo Vuai akaja na magunia.
Miavuli mia mbili na kumi na miwili,
imesahauliwa kwenye treni, ikanadiwa kwa bei ya karanga.
Nikadhani ataandika jina la mkahawa juu, kama watu wenye akili.
Akaandika ndani,
kwa rangi nyeupe, pale macho ya anayelowa yanapokimbilia:
kila mwavuli kitendawili chake,
na chini anwani yetu. Basi.

"Bure," akasema. "Chukua, nenda nao.
Ukitegua, njoo, mandazi mawili juu yangu.
Ukishindwa, njoo unipe mji."

Shemeji, nikamwambia, biashara ya bure ni kaburi lenye taa.
Akacheka. "Ongeza safu kwenye daftari."
"Niiite nini?"
"Miji."

Wakaja. Dereva wa basi, koti linachuruzika,
akasema yai, akala mandazi yake kwa kiburi.
Muuguzi wa zamu ya usiku alishindwa, akatoa Dundee bila kusita:
"Ichukueni. Nimezaliwa pale, najua thamani yake."
Mtoto akatoa Paisley, akalia, akarudishiwa nusu.
Vuai akatundika ramani, kila mji pini,
na aliyetoa mji hutaka kuiona pini yake ikichomwa,
na anayengoja pini huagiza chai,
na chai haishuki peke yake.
Faida ilijificha hapo. Nilichelewa kuiona.

Hata hivyo, Machi, nikafunga hesabu.
Imerudi thelathini na mmoja.
"Mia na themanini na mmoja imepotea, Vuai."
"Haijapotea, iko kazini. Umepata kuona bango
linalobebwa na mtu mvuani, kwa mkono wake, bila mshahara?"
Nikamwonyesha barua ya mwenye nyumba.
Akanyamaza.

Alhamisi ile akaingia Effie Galbraith, kutoka Oban,
saa tatu nzima ndani ya treni,
na mwavuli namba themanini na nane,
ubavu mmoja umefungwa kwa uzi wa viatu.
Aliufunga mumewe, Januari, kabla ya hospitali.
Walikuwa wakikisoma pamoja, vichwa vikigusana:
*Kila niendapo ananifuata.*
Yeye alisema mbwa. Mumewe alisema deni.

Mkahawa mzima tulijua jibu. Mkahawa mzima tuliuma midomo,
kwa maana aliinua kiganja: "Msiniambie.
Jibu lake ni sahihi mpaka mtakaponiambia."

Akatupa Oban. Vuai akachoma pini taratibu,
kama anayemdunga mtu sindano.
Effie akanywa chai, akalipa, akakataa chenji,
akachukua mwavuli wake.
Nje mvua ilikuwa imekatika, jua la mkopo,
na jibu likamfuata kwenye lami hadi kona.

Nikafungua daftari. Kodi bado. Maziwa bado.
Nikaandika: namba 88, haujarudishwa.
Nikafuta.
Uko kazini.