Kitovu cha Nyuma

Pedeli ilimtoroka Neža chini ya mguu
kwenye mwinuko wa mwisho kabla ya malisho.
Akaangukia upau kwa nyonga, akarudi akichechemea,
akiiburura baiskeli kama mbuzi aliyegomea kamba.
"Inaruka," alisema. Basi.
Ana miaka kumi na minne, maneno kwake yana bei.

Nimeigeuza juu chini jikoni,
tandiko limekalia gazeti, limekalia habari za uchaguzi.
Dirishani mlima Peca umebakiza theluji mabegani, na huu ni Mei.
Ožbej yuko Austria, anapaka rangi nyumba za watu.
Kwenye simu hata hasubiri nimalize:
ni mnyororo, sikuzote ni mnyororo, nunua mwingine.

Naupima kwa rula ya shule.
Viungo ishirini, milimita mia mbili hamsini na nne,
na kama upo unywele wa ziada, ni unywele wa paka.
Mnyororo hauna hatia.
Meno ya gia nayamulika kwa tochi:
hayajachongoka, hayajajikunja kama ya papa.
Napiga magoti nyuma ya gurudumu, nafumba jicho moja:
sikio linaloshika kibadili gia limenyooka wima.
Kebo naikaza nusu duara, nabadilisha juu, nabadilisha chini,
gia zinapanda na kushuka bila manung'uniko.

Ningekuwa na haraka ningekuwa dukani sasa hivi.

Nachomoa gurudumu. Nalipakata.
Nazungusha gia kinyumenyume kwa kidole
na ndipo ninaposikia
kwamba sisikii kitu.

Machi kitovu hiki kilikuwa kinapiga kelele.
Bi Štefka wa ghorofa ya chini alisema ni nyenje wa chuma,
akauliza watahama lini.

Kifuniko cha ekseli kinatoka kwa vidole.
Ngoma ya gia inaachia polepole, kwa mlio wa busu,
na ndani wamelala vilimi vitatu
vinavyopaswa kusimama na kuuma,
vimejilaza kwenye mafuta mazito ya kijani
kama watoto asubuhi ya Jumatatu.
Springi zake, nyembamba kama kope, zinasukuma na kushindwa.

Ile kijani naijua.
Ni grisi ya kiwandani kwetu, ya beringi za mkanda,
inayostahimili joto na tani za risasi.
Niliileta mwenyewe, Machi, wiki aliyoondoka Ožbej.
Niliipachika kwa kidole, nikaongeza, nikaongeza tena,
kwa mkono uleule unaomjazia Neža supu
kabla hajasema ndiyo.
Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema.
Changu kilikuwa kwenye chupa ya haradali.

Mafuta ya taa, mswaki wa zamani, bakuli la keki
(halitapika keki tena).
Springi moja inaruka, inakwenda chini ya friji.
Nalala kifudifudi na sumaku ya ukumbusho kutoka Piran,
navuta vumbi, sarafu, pini ya nywele,
na mwisho, kope langu la chuma.

Kila kilimi, tone moja la mafuta mepesi.
Mkono unaomba la pili.
Tone moja.

Nairudisha mahali pake, nasukuma pedeli, naacha.
Jikoni pote: tiktiktiktiktik.
Chini, Bi Štefka anagonga dari kwa mpini wa fagio,
mara moja tu, sijui kwa hasira au kwa salamu.

Neža anatokea na pakiti ya njegere za baridi nyongani.
"Ilikuwa nini?"
"Grisi. Nyingi mno."
"Nani alitia?"

Gurudumu bado linazunguka.
Anatazama chupa, anatazama kucha zangu za kijani,
hasemi kitu, anachuchumaa kwa shida
na kusikiliza mlio ukipungua, ukiachana, tik, tik,
hadi kilimi cha mwisho
kinapopata jino lake, kikatulia.