Kuhesabu Mawe

Kabla sijatia mkono majini, nahesabu mawe.
Kumi na moja ni mawe.
La kumi na mbili lina jicho.

Hapa ni Ngara, ghorofa ya nne, kwa daktari wa meno.
Bahari yetu ina urefu wa dhiraa tatu.
Maji ni ya kaunti, siku yanapokuja,
chumvi ni ya gunia,
naipima kwa kikombe cha uji.
Matumbawe ni ya kweli, ila yamekufa,
yamejipanga nyuma ya kioo
kama magego aliyoyang'oa Daktari Nimisha
akakosa pa kuyatupa.

Samaki-jiwe haulizi yuko wapi.
Amejivika mwani, ngozi chunjua tupu,
mdomo umepinda juu
kama wa mtu aliyenyimwa chenji.
Miiba kumi na mitatu imelala mgongoni.
"Huyu hana hasira," alisema aliyemleta kutoka Shimoni.
"Ni wewe utakayemkosea."

Wagonjwa husoma kibandiko: samaki watano.
Huhesabu wanne,
hudhani mmoja amekufa,
hukiambia kioo pole.
Mimi nipo hapo hapo na kitambaa changu.
Sare yangu na rangi ya ukuta
vilinunuliwa siku moja, duka moja.

Jumanne stima zilipotea.
Pampu ikanyamaza. Mapovu yakakatika katikati ya safari.
Nikapanda kigoda, nikateka maji, nikamwaga,
nikateka, nikamwaga,
bahari ipate pumzi,
kiwiko kikaanza kuuma.
Mtoto mmoja, Lemayian, shavu limeumuka kama andazi,
akaacha kulia.
"Hilo jiwe linapumua."
Mama yake hakuinua uso kwenye simu.
"Mawe hayapumui."
"Linapumua. Na huyo dada amechoka."

Kikombe kikasimama hewani.
Uduvi mmoja, pengine kwa kiherehere cha giza,
akapita karibu na pale
na hapakuwa na uduvi.
Sikuona kinywa kikifunguka. Niliona tu mchanga
ukitua polepole.

Stima zilirudi saa kumi. Lemayian aliondoka na pamba mdomoni,
akanipungia mkono. Mimi, si samaki.

Leo asubuhi nimehesabu mara tatu.
Kumi na moja.
Kumi na moja.
Kumi na moja.
Mkono bado mkavu.