Tundu la Ufunguo

Godelieve kavunja kabati la marehemu mumewe,
akaupiga randa mlango wake wa mwaloni
huku Kortrijk ikizibwa na theluji.
Gundi ya ngozi ya sungura haitaki moto mkali,
ikitokota imekufa; akaichunga kama uji wa mtoto.
Chaki. Brashi kwa wima, kisha kwa mlazo. Msasa.
Vumbi hadi kwenye kope.

Tundu la ufunguo akalijaza, likabonyea.
Akalijaza tena.
Hata kwa tabaka la saba,
ubao mwororo kama ganda la yai,
bado pana kijishimo cha dole gumba.

"Tafuta ubao mwingine," nikamwambia.
Akapapasa, kafumba macho:
"Hapa ndipo aliposhika kila asubuhi, akitafuta soksi."

Jumatatu kaanza kupaka rangi.
Pale hajapagusa.